Hodi kwa Mwenye Wimbo

Wapo wanaoniambia nisahau. Wanasema mambo ya enzi ya Wabelgiji yamepita, mwenye mashine alikwisha kurudi kwao, na wimbo ni wimbo tu. Hao hawakuwepo sebuleni kwa shangazi yangu, pale Kasongo, siku ile. Mimi nilikuwepo. Hasira yangu iko palepale nilipoiacha, na sina haja ya kuipoza.

Nilikuwa karani katika ofisi ya teritware, yaani wilaya ya Wabelgiji, kijana wa kufunga tai hata jua likiwa utosini. Akaja Mzungu mmoja na mashine ya kunasa sauti. Alikuwa amekwisha kunasa ngoma, filimbi na kwaya ya misheni, sasa alitaka sauti ya mwanamke mmoja. Kabla mkubwa wangu hajafungua kinywa, nilidakia kwamba shangazi yangu anaimba. Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka tu nionekane.

Ni kweli aliimba. Kwa nyimbo za kutwanga mpunga hakuwa na mpinzani mjini. Lakini wimbo uliopendwa kuliko zote haukuwa wake, ulikuwa wa shoga yake wa Kabambare. Mume wa shoga huyo alichukuliwa kwenda kuchimba dhahabu, na hakurudi. Mwanamke akawa anamwuliza huku akitwanga: hiyo dhahabu yenu inachemshwa au inachomwa? Inaliwa kwa majani ya sombe au kwa samaki? Watu walicheka mpaka kwenye sehemu ya pili, anapouliza chakula kilichobaki chunguni atakila nani. Hapo kicheko kilikatika. Ule wimbo ulikuwa matanga yake, maana maiti hakuletewa.

Shangazi aliolewa kwanza huko Kabambare, na wawili hao walitwanga katika kinu kimoja miaka kadhaa. Alipoachika na kurudi kwao Kasongo, shoga yake alimpa wimbo ule auimbe, kwa sharti moja tu.

Sharti lenyewe ni la wanawake wetu wa kinu. Huingii hivihivi katika wimbo wa mtu, kama usivyoingia hivihivi nyumbani kwake. Kwanza unasimama, unapiga hodi: hodi kwa fulani, binti fulani, wa mahali fulani. Waliopo wanamjibia mwenyewe: karibu. Ndipo unaimba. Anayeimba bila hodi ameiba, na ataambiwa hivyo usoni. Majina yao siyaandiki hapa. Hawakunipa ruhusa, na mimi nimekwisha kujifunza.

Asubuhi ya siku hiyo shangazi alifagia ua mara mbili, akasukutua kwa maji ya tangawizi, akaenda uani mara nne. Kuku walipelekwa kwa jirani. Mtaa mzima uliambiwa usitwange mpaka mashine iondoke, na kimya hicho ndicho kilichozidi kumtisha.

“Mutaa yote inanyamaza sababu yangu?” aliniuliza.

Mzungu aliweka mashine juu ya kigoda, akapitisha waya dirishani mpaka kwenye betri ya gari lake. Kidude cha kusikilizia alikining'iniza kwa kamba kutoka kwenye boriti, mbele ya mdomo wa shangazi.

“Kinaniangalia kama mama mukwe,” alisema, akarudi nyuma hatua moja.

Kisha akanyang'anywa mchi, eti kishindo chake kinaharibu. Mwanamke aliyeimba maisha yake yote na mchi mkononi! Akabaki anashika kanga yake, anaiachia. Nilimpa ungo wenye mpunga, apepete wakati wa kuimba.

Taa ndogo ya kijani ikawaka, magurudumu mawili ya mashine yakaanza kuzunguka. Shangazi alisimama wima, akapiga hodi kwa shoga yake, jina lake, jina la mama yake na Kabambare yake. Majirani wawili waliokaa mkekani wakaitika, “Karibu!”

Mzungu akazima. “Hapana, hapana. Maneno, hapana. Wimbo tu.”

Mara ya pili shangazi akaanza tena na hodi, kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayejaribu kupita bila kuonekana. Mzungu akajipiga paja. Akaniambia kwa Kifaransa kwamba utepe ni mfupi, hauna nafasi ya salamu za wenyeji. Salamu! Alikuwa ameikalia stuli ya mwenye nyumba, amekunywa maji ya mwenye nyumba, na bado aliona hodi ni takataka.

Mara ya tatu shangazi alijaribu kumridhisha. Alifungua kinywa bila hodi, na hakikutoka kitu. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, mpunga ukamwagika chini.

“Siwezi, mwanangu,” alisema. “Niko kama mwizi mulangoni kwa mutu.”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sentensi moja tu: Bwana, ni pamoja na hodi, au hakuna wimbo. Maneno yote nilikuwa nayo, nilifundishwa na mapadri miaka sita, ingawa kwetu ni Waislamu. Badala yake nilimshauri Mzungu, kwa Kifaransa changu safi, amwache mama aseme huku magurudumu yamesimama. Akimaliza, mimi nitainua kidole, naye afungulie. Alitabasamu, akaniita kijana mwenye akili. Na mimi, fedhuli, nilifurahi.

“Bwana amekubali,” nilimwambia shangazi. “Piga hodi yako.”

“Mashine itaisikia?”

“Itaisikia.”

Alipiga hodi ile kwa moyo wake wote, mbele ya mashine iliyolala. Majirani wakaitika. Nikainua kidole.

Sijapata kumsikia akiimba vile, kabla wala baada. Woga ulimtoka kwa kuwa aliamini amekaribishwa. Mpunga ulichachatika kwenye ungo, na alipofika kwenye chakula kilichobaki chunguni, jirani mmoja alijifunika uso kwa kanga. Mzungu alipomrudishia sauti yake, shangazi alisikiliza mkono mdomoni, kisha akanigeukia.

“Na hodi yangu iko wapi?”

“Iko mbele kidogo, Shangazi. Bwana ameiruka tu.”

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Nilikuwa mtoto wa kaka yake, na nilijua kusoma.

Baada ya miezi kadhaa sahani ya santuri ilifika dukani. Nilisoma karatasi yake nikiwa nimesimama. Jina la Mzungu lilikuwa juu, kwa herufi kubwa, yeye ambaye hakuwahi kutwanga hata punje. Chini yake, kwa Kifaransa: wimbo wa kutwanga, mwanamke wa Kasongo. Mwanamke! Kama vile hakuwa na mama aliyempa jina. Mwenye wimbo hakutajwa kabisa.

Malori yalipeleka sahani ile mpaka Kabambare. Mfanyabiashara mmoja akaipiga barazani siku ya soko, na mwenye wimbo alikuwa anapita na kikapu chake. Karatasi hakuhitaji, sauti ya shoga yake aliijua. Alisimama akamsikia akimlilia mume ambaye hakuwa wake, na hodi haikuwepo.

Ilikuwa Ijumaa mchana, na kama kawaida yangu nilikuwa nakula kwa shangazi baada ya sala. Mwanamke mmoja aliingia moja kwa moja mpaka sebuleni, vumbi magotini, akasimama mbele ya chakula chetu. Shangazi aliinuka kwa furaha, mikono imekunjuka, halafu ikateremka.

“Shoga yangu, unaingia bila hodi?”

“Hodi ya nini?” alisema yule wa Kabambare. “Weye ulipiga hodi kwangu?”

Shangazi akacheka, kicheko cha mtu mwenye ushahidi. “Nilipiga! Mbele ya watu! Huyu mutoto wa kaka yangu alikuwako. Umuulize.”

Wote wawili wakaniangalia. Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni. Nilitazama yale magoti yenye vumbi, nikashindwa.

“Magurudumu yalikuwa yamesimama,” nilisema.

Ilinibidi nieleze mara mbili, kwa sababu hawakuelewa mashine inawezaje kukaa mbele ya mtu na isimsikie. Walipoelewa, shangazi hakufoka. Aliichukua sahani yangu ya chakula, sikuwa nimefika hata nusu, akaiweka mbele ya mgeni.

“Kula, dada,” alimwambia. “Kiti iko hapa.”

Niliinuka, nikatoka.

Ijumaa iliyofuata nilirudi bila tai. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nilipiga hodi. Ndani mchi ulikuwa unapiga, na haukusita. Nikapiga hodi ya pili, kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Nilipopiga ya tatu mchi ulinyamaza, nikavua viatu. Kisha nikamsikia shangazi akipiga hodi yake, taratibu, kwa shoga yake, binti fulani, wa Kabambare. Wanawake waliokuwa naye wakaitika kwa pamoja, “Karibu!”

Haikuwa karibu yangu. Nikavaa viatu, nikaenda zangu.