Vibandiko vya Betri za Irmgard

Mama mkwe wangu, Irmgard Pawlak, aliniita mwizi mbele ya foleni ya dukani, na mume wangu Detlef, aliyejua kwamba sikuiba, akanyamaza. Kwa ajili ya kunyamaza kwake nikakosa kazi. Hilo ndilo kosa nililotendewa.

Irmgard alikuwa mjane wa mchimba makaa. Mgodi ulifungwa, mumewe akafa kwa kifua, yeye akabaki na pensheni, nyumba ya matofali mekundu na ulimi wake. Ujana aliumaliza kwenye kiwanda cha sidiria, akisimamia wasichana wa cherehani, na hakuacha kusimamia watu mpaka anakufa. Supu yangu ya viazi aliimaliza yote, akafuta sahani kwa mkate, kisha akasema, "Nimekula kwa sababu nina njaa tu."

Kila Jumamosi kipeperushi cha ofa kilipoingia mlangoni alikisoma kuliko alivyosoma Biblia. Betri hakununua penginepo ila kwenye duka la bei ya chini la mtaani kwetu, tena wakati wa ofa tu. Za rimoti, za saa ya jikoni, za redio ya bafuni. Na zaidi ya zote, zile ndogo kama dengu za mashine zake za masikioni, kwani bila hizo hakusikia hata ngurumo.

"Yule msichana wa duka la mashine za masikio anaziuza kama dhahabu," alikuwa akisema. "We Heike, Jumatatu uwe mlangoni kabla hawajafungua."

Basi nilikuwa mlangoni. Jumatatu asubuhi ungetukuta pale tumejipanga na vitoroli vyetu, mimi na wastaafu, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho baya, maana vitu vya ofa huisha kabla ya mchana. Jirani yetu Bi Sobotta alikuwa na tabia ya kukumbatia boksi zima la betri kisha kuuliza kwa upole, "Kwani nawe ulizitaka?"

Siku moja boksi la juu lilikwama, nikapanda nikalishusha mwenyewe, na mengine yaliyofuata. Meneja, Bwana Lüdenbach, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Bi Pawlak, una mikono ya kazi. Mwezi ujao nataka mtu wa kupanga bidhaa asubuhi. Unaonaje?"

Shule niliiacha mapema nikaenda kumenya viazi jikoni kwenye kantini, kisha nikaolewa, na tangu hapo sikupata hata senti ya jasho langu mkononi. Nilimjibu ndiyo kabla hajafunga mdomo. Nyumbani nilipowaambia, Irmgard aliweka kikombe chini.

"Wewe? Dukani? Nani atakusomea bei?"

Detlef alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Wiki hiyohiyo betri za masikio zilikuwa kwenye ofa. Nilinunua pakiti nyingi, kama nilivyoagizwa, nikamkabidhi Irmgard zikiwa zimefungwa. Kila betri ilikuwa na kibandiko kidogo cha rangi ya machungwa mgongoni. Jumapili alitaka kubadilisha, lakini vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa jongo na kibandiko kikamshinda. Detlef alikuwa anatazama mpira.

"Mwanangu, nibandulie hivi."

"Vyote, Mama?"

"Vyote. Sitaki kumsubiri huyu mwanamke kila mara kama mtoto anayengoja kufutwa kamasi."

Akabandua vyote, macho kwenye televisheni, akivipachika kimoja kimoja kwenye mkono wa kiti chake, na betri akizitumbukiza kwenye kopo la biskuti. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nawaona kupitia mlango ulio wazi. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba betri za namna ile, kibandiko kikitoka, hewa inaingia, nazo zinaanza kufa hapohapo hata kama hazijatumika.

Basi zikafia ndani ya kopo. Irmgard akaweka moja, kimya. Akaweka nyingine, kimya. Akamwaga kopo zima mezani, akajaribu hii na hii, kisha akavaa koti.

Alinikuta dukani, nimeshapanga vitu vyangu kwenye mkanda wa kaunta. Detlef alikuwa nyuma yangu, amemaliza kurudisha chupa tupu kwenye mashine, ameshika risiti ya kurudishiwa pesa za chupa. Karibu na mlango wa kutokea kuna sanduku la plastiki ambamo watu hutupa betri zilizokufa. Irmgard alisimama kando yake na kuanza kulipiga kwa mkongojo. Kwa kuwa alikuwa hasikii, hakuongea, alipiga kelele.

"Humu! Humu ndimo anamookotea! Nampa pesa za betri mpya, ananiletea mizoga aliyoitoa humu! Mwizi! Nimemlisha mwizi!"

Keshia aliacha kupitisha bidhaa kwenye mashine ya bei. Bi Sobotta, watu wawili nyuma yetu, alisema, "Mungu wangu," kwa sauti ya mtu aliyeletewa keki.

Nikamgeukia mume wangu. "Detlef, waambie. Betri zilizotumika hazina vibandiko. Hizi zilikuwa navyo. Si ulivibandua wewe kwa mikono yako?"

Alitazama risiti yake ya chupa. Aliitazama kana kwamba imeandikwa aya nyingi.

"Detlef!"

"Tusonge mbele, Heike," alisema. "Watu wanasubiri."

Mama yake hakusikia hata neno moja kati ya hayo. Aliendelea kupiga lile sanduku. Bwana Lüdenbach alitoka ofisini kwake, akasikiliza mpaka akatosheka, kisha akaniomba nifungue mkoba wangu. Nikaufungua. Hamkuwa na kitu ila leso na funguo. Siku iliyofuata nilipokwenda kuuliza habari za kazi, hakuniangalia usoni.

"Tumepata mtu mwingine," alisema. Mtu huyo alikuwa mpwa wa Bi Sobotta.

Baadaye yule msichana wa duka la mashine za masikio ndiye aliyemweleza Irmgard habari za vibandiko. Alirudi nyumbani akicheka.

"Kumbe ni hewa!"

"Basi nenda ukawaambie dukani, Mama," nikasema.

Akanikagua toka kichwani hadi miguuni. "Hizi hukuiba, sawa. Lakini una sura ya kuiba."

Nikamwambia Detlef aende yeye. "Mama ni mzee," alinijibu. "Unataka mtaa mzima umcheke?"

Irmgard alikufa majira ya baridi. Mpaka mwisho ni mimi niliyembandulia betri, moja moja, ili anisikie ninapomuuliza kama anataka chungu cha kukojolea. Baada ya mazishi tukanywa kahawa na kula keki, watu wakisema alikuwa mwanamke mnyoofu. Bi Sobotta alinishika mkono.

"Alikusamehe, Heike. Ile habari ya betri. Alituambia sote kanisani kwamba amekusamehe."

Detlef alikuwa kando yetu. Alisikia. Akachukua kipande kingine cha keki.

Gundi ya vile vibandiko bado iko kwenye mkono wa kiti chake, madoa yaliyojipanga safu. Sijayasugua. Rimoti yake imekufa sasa, na kila jioni anaipigapiga kwenye goti huku akiniuliza ni lini nitakwenda dukani.

Irmgard simdai, yuko ardhini na ulimi wake. Ninayemdai ni Detlef. Anadaiwa Jumatatu moja asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, vitoroli vikiwa vimejipanga na Bi Sobotta yupo, asimame pale na aseme kwa sauti ileile aliyotumia mama yake: "Zilikuwa mpya. Vibandiko nilivibandua mimi."