Lita Tano za Fundi Nurdin

Fundi Nurdin anashona suruali kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mama Ankit, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Ana miaka sitini na mbili. Mimi natumia cherehani iliyo karibu na yake, na kwa miaka kumi na tisa sijawahi kumwona akikosa kuja kazini kwa kuumwa.

Mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Viatu vikamkataa, akawa anakuja na kandambili. Mkewe alishafariki, hivyo nilimpeleka hospitali mimi. Daktari alitueleza taratibu kwamba moyo umechoka kusukuma, ndiyo maana maji yanajaa mwilini. Akampa vidonge vya kukojoa, akasema vinywaji vyote kwa siku, hata chai na mchuzi, visizidi lita moja na nusu.

Jumatatu Nurdin akaja kazini na dumu la lita tano.

"Kidonge kinatoa maji, Eli," akaniambia. "Nisipoyarudisha si nitakauka?"

Barazani wote wakamuunga mkono. Mama Ankit alitoka na kalamu nene, akachora mistari kwenye dumu: saa tatu, saa tano, saa saba.

"Maji inaosha figo, fundi. Uvimbe yote itatoka."

Celina, anayetuletea wali mchana, naye hakumwacha. "Baba, unakunywa kama kuku. Kila tone unatazama juu."

Nurdin alicheka, akanywa. Kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Mimi nilikuwa nimemsikia daktari, na nilinyamaza. Nimeishia darasa la saba, na ile ni baraza ya Mama Ankit. Nilijiambia labda daktari alimaanisha kitu kingine. Lakini nilianza kusimamisha cherehani yangu mara kwa mara, nisikilize kama Nurdin bado anapumua vizuri. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi, na amekaa tu.

Jumanne nilimwambia nataka kumshonea suruali pana, nikapima kifundo cha mguu. Inchi kumi. Alhamisi nikasingizia nimesahau vipimo. Kumi na robo tatu. Jumamosi asubuhi ilikuwa kumi na moja na nusu, na nilipobonyeza kwa kidole, shimo lilibaki.

"Nalala nimekaa siku hizi," alisema. "Nikilala chali nazama."

Mama Ankit akachungulia. "Saa tano ishafika, fundi. Mstari bado."

Nurdin akainua kikombe.

"Kaka, usinywe," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo hata akaniuliza nimesema nini.

"Usinywe. Daktari alisema lita moja na nusu. Mguu umeongezeka inchi moja na nusu tangu Jumanne."

"Tepu yako imelegea."

"Chukua yako."

Alitaka kujipima, lakini hakuweza kuinama, pumzi ilimkatikia njiani. Nikapiga magoti, nikazungusha tepu yake, yeye akasoma. Amesoma tepu maisha yake yote. Akaitazama muda mrefu, kisha akakiweka kikombe chini.

"Sasa hiyo lita moja na nusu nani alijua?" Mama Ankit akauliza.

"Mimi nilijua," nikasema.

Alienda mwenyewe barabarani kuita bajaji.

Njiani Nurdin aliniomba maji mara tatu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilimpa kizibo kimoja cha chupa, nikaogopa hata hicho.

Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari akaniuliza amekunywa kiasi gani, nikamwambia: lita tano kila siku, siku tano. Akauliza kama kulikuwa na mtu aliyekuwa naye.

"Nilikuwepo," nikasema.

Aliandika, akarudi kwa mgonjwa. Leo ni siku ya nne wodini. Nurdin anapumua kwa mpira bado, na hawajatuambia atatoka lini.