Ubao Ukisimama

Kiwandani walimwita Bibi Saa, na jina lake jingine lilishasahaulika. Kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kuchoma mbao za ukutani zilizotengenezwa kwa magome ya miti, saa mkononi, na kuandika moto umechukua muda gani. Nyumbani mumewe alimpiga marufuku kuwasha jiko, maana chai ilisubiri kwanza aandike.

Gome alilijua nje ndani. Likiwa nene halina haraka: huungua juu, likafanya ganda la mkaa, na mkaa ule ukakinga kilichomo. Lisage liwe unga, uligandishe kwa gundi ya bei poa, basi umetengeneza kiberiti cha kubandika ukutani.

Hicho ndicho alichotengeneza meneja mpya. Mzigo wa kwanza ulikuwa wa shule ya chekechea, ile ile anayosoma mjukuu wa Bibi Saa.

"Laza ubao, mama," meneja alisema.

Ulipolazwa uliungua kivivu, ndimi za moto zikipaa hewani na kuuacha.

"Haya, umefaulu. Saini."

"Na kule shuleni mtaulaza?"

Bibi Saa akausimamisha ubao mwingine, akauwasha chini. Moto ulipanda kama ulioitwa juu. Sekunde kumi na moja ukawa umefika kileleni.

"Andika ule wa kwanza," alisema meneja. "Au nenda nyumbani ukapumzike. Umri nao umesogea."

Bibi Saa aliogopa, tena sana. Mshahara wake ndio uliokuwa ukipika kwao. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na kisu kilikuwa cha meneja. Akamfuata ofisini na fomu yake.

Ofisi ile ilibandikwa mbao mpya kuta zote nne, ili wateja wazione. Bibi Saa alikaa, akashika kalamu, akaiweka chini. Akatoa kiberiti, akawasha njiti, akaisogeza karibu na ukuta. Akabonyeza saa.

"Mama! Unafanya nini?"

"Napima. Wewe kaa tu, bosi. Si umesema umefaulu?"

Meneja aliruka meza, akaipuliza njiti, akaishia mlangoni akihema.

Bibi Saa alisimamisha saa. Kwenye fomu, penye ubao uliosimama, aliandika: sekunde kumi na moja, haufai. Chini, penye maoni, akaongeza: meneja, sekunde mbili. Kisha akasaini.