Seva ya Uwesu na Sauti ya Mzee Selemani

"Faili likishaingia kwangu, hata mkifa nyote, wajukuu zenu watalikuta." Uwesu aliyasema hayo kwenye arusi moja mtaa wa Cheyo, hapa Tabora, baada ya kumnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti kabla pilau haijashuka. Tulicheka. Tulidhani ni njaa.

Uwesu ana duka la steshenari: fotokopi, picha za pasipoti, barua za maombi ya kazi kwa watu ambao hawataitwa. Alirithi cherehani ya baba yake, akaiuza, akanunua kompyuta. Programu yake ya kutunzia mafaili ya watu aliiokota mtandaoni. Ilikuwa mfano tu wa kujifunzia, wa sehemu mbili: seva inakaa kwenye kompyuta ya dukani, inapokea mafaili na kuyatunza, sehemu ya pili inakaa kwa mteja, inatuma na kuomba. Juu yake palikuwa na maelezo marefu ya Kiingereza. Uwesu aliyaruka, kama sote tunavyoruka karatasi ya ndani ya boksi la dawa.

Alihangaika nayo msimu mzima wa mvua, kila akiijenga inamtapikia maandishi mekundu, hadi mchana mmoja dirisha jeusi kwenye kioo cha kompyuta likaandika kwamba seva inasikiliza, yaani iko tayari kupokea. Akaniita nikaone. Hapakuwa na cha kuona, ila nilimpa mkono, maana mwenzangu alikuwa analia.

Tangu hapo haikuzimwa. Umeme ukikatika, betri za sola zinapokea. Walimu wakaweka mitihani yao, maharusi picha zao. Najiat, muuza vitenge wa jirani, akaweka sauti ya baba yake, Mzee Selemani, aliyekuwa mgonjwa. Katika ukoo wao mzee ndiye pekee aliyebaki akijua kuimba vituo vyote alikolala babu yake mpagazi, mbeba mizigo ya misafara, kutoka pwani mpaka Ujiji, na majina ya wenzake waliozikwa njiani. Binti alimrekodi kwa simu. Simu ikajaa. Uwesu akamwambia afute tu, kwake ipo. Akafuta.

Mzee akafariki. Kwetu jirani akifa, maduka hufungwa. Marehemu mama yake Uwesu alimfunza na zaidi: jeneza halipiti mbele ya duka linalonguruma. Kwa hiyo, kwa heshima, Uwesu alifanya ambalo hakuwahi kulifanya. Alishusha swichi kubwa, akachomoa waya za betri, akavaa kanzu, akaenda kumbeba mzee.

Aliporudi aliiwasha. Seva ikasikiliza vizuri kabisa. Haikuwa na faili hata moja.

Akaniita tena. Safari hii nilisoma yale maelezo ya juu, nikamfasiria: mfano huu hauandiki kitu kwenye diski. Unashika mafaili kichwani tu, ukizimwa unasahau. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Nikamwangalia usoni, nikaumeza.

Hitima ilipokwisha, Najiat akaja. Kaka zake walikuwa wanarudi Nzega, alitaka wamsikie baba kwanza. Uwesu hakusingizia umeme wala virusi. Alisimama nyuma ya meza akamweleza yote, mpaka swichi.

Najiat akaitazama ile swichi ukutani.

"Uliizima kwa ajili yake?"

"Kwa ajili yake, dada."

"Basi alipita kwa heshima." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mimi, kaka Uwesu, wimbo wake naujua mpaka kituo cha Tura. Kutoka Tura kuja hapa nyumbani, na kwenda mbele, sina."

Uwesu akamvutia kiti, akamrekodi. Aliimba kutoka pwani, taratibu, na alipofika Tura akanyamaza. Kaka zake walipoulizwa, nao hawakuwa na zaidi.

Seva ipo mpaka leo. Siku hizi inaandika kwenye diski, na kila asubuhi Uwesu huizima makusudi, akaiwasha, akatazama kama vitu vya watu vipo. Hajagusa tena kipaza sauti kwenye arusi. Na hapokei faili la mtu asiyebaki na nakala yake mkononi. Flashi ndogo, dukani kwake, ni shilingi elfu kumi.