Nilipunguza chumba kimoja cha kupangisha ili vilivyobaki visiwe tanuri (Dodoma)

Wakuu, poleni na jua. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Dom, siongezi chumvi.

Mimi na wife tulidunduliza hadi tukapata hela ya vyumba vinne vya kupangisha, upande wa Makutupora. Nilitaka vya kawaida: ukuta, bati, dirisha dogo, mpangaji aingie.

Wife akagoma.

Mdogo wake alipanga chumba cha aina hiyo Majengo, bati tupu juu. Kichanga chake kiliota harara mwili mzima. Feni kutwa inazunguka, umeme wa LUKU haukai.

"Tujenge vitatu, lakini mtu aweze kulala mchana," akasema.

Basi tukapandisha paa, tukapiga dari, madirisha makubwa ya kupokea upepo wa mashariki (huu wetu mnaujua, unabeba hadi ndoo), na baraza upande wa magharibi la kukinga jua la alasiri.

Fundi akacheka. "Bosi, mpangaji haulizi dari. Anauliza kodi."

Na kweli. Kodi yetu ilikuwa juu kidogo. Watu wanakuja, wanauliza bei, wanaondoka. Msimu mzima wa zabibu vyumba vitupu. Nilikonda jamani. Wife anafagia tu vyumba visivyo na mtu.

Mchana mmoja wa jua kali akaja dada mmoja, nesi, mtoto analia mgongoni. Akaingia chumbani, akasimama katikati.

"Feni mmeificha wapi?"

"Hakuna, dada. Hata umeme hatujavuta."

Akakaa sakafuni, akamshusha mtoto. Mtoto akalala palepale. Wife akamletea maji, wakabaki wananong'ona wasimwamshe.

Alipotoka akaniambia, "Kaka, hiyo hela mliyozidisha kwenye kodi ndiyo ninayonunulia umeme kule nilipo, na mwanangu halali. Ila hiyo kodi ya miezi sita mnayotaka kwa mkupuo sina."

Tukamruhusu alipe mwezi kwa mwezi. Baadaye akaleta wenzake wawili wa kazini. Hadi leo hakuna aliyehama.

Sitawadanganya, hela ya dari haijarudi yote. Ila jirani mwenye bati tupu kila mara anasaka mpangaji mpya, na chumba kitupu hakilipi.

Nilichojifunza: ukipiga hesabu ya nyumba, usiishie kwenye saruji na bati. Hesabu na maisha ya atakayekaa humo. Yeye akishindwa, nawe umeshindwa.

Wa Singida, Kongwa na kwingineko, nyie joto mnalipunguzaje kwenye nyumba zenu? Wenye mawazo tofauti pia karibuni, nasoma zote.