Majembe Si Mali ya Taasisi

Simpendi yule mwanamke, na sitajifanya nampenda eti kwa kuwa siku zimepita. Watu huniambia, mayu, samehe. Huku kwetu mayu ni mama, na mama anatakiwa kusamehe. Nawaitikia kwa adabu, kisha naendelea kumchukia.

Kabla hajaja, kituo chetu cha sanaa pale Bugarama kilikuwa banda la bati lenye sakafu ya saruji na ngoma chache. Mimi ni fundi cherehani. Jioni nilifunga kazi zangu nikaenda kujitolea, kufundisha watoto bugobogobo, ngoma yetu ya majembe. Jembe linarushwa, linazungushwa, linadakwa, na mwili wote unalima bila kugusa udongo. Kituo hakikuwa na jembe hata moja, kwa hiyo kila mtoto alikuja na la kwao. Walikuwa watoto wa wakulima na wachimbaji wadogo, ambao mama zao wanashinda wakigonga mawe ya dhahabu kwa nyundo. Wakitoka shule, kama hawana pa kwenda, wanakwenda mashimoni. Wakiwa chini ya lile bati, hawaendi. Hilo ndilo nililokuwa nalipigania, sikuwa na lingine.

Basi tukaletewa mkurugenzi mpya kutoka Dar es Salaam. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu aliingia bila kamba na siku ya kwanza akaanza kuwafukuza wenyeji. Ningeweza kumzaa. Nilisimama nikisubiri shikamoo, marahaba iko tayari mdomoni, yeye akanipa vidole vya mkono wake na kusema, "Mambo, dada." Marahaba yangu nikaimeza.

Kisha akanipa cheo. Mratibu wa Utamaduni, na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kilemba cha ukoka kile, nilikijua tangu ananivika, ila nilidhani mratibu ataweza kusema neno kikaoni likasikika. Nilipouliza kwa nini siku zetu za banda zinapunguzwa, alinitazama kwa huruma ya uongo.

"Dada, wewe unajitolea tu. Maamuzi tuachie sisi."

Siku zetu zilipunguzwa kwa sababu alimleta kijana wa Mwanza mwenye kinanda na maspika, awafundishe watoto wa wenye maduka kucheza kisasa. Banda likawa dogo. Mkurugenzi akapata wazo: tushindane siku ya sherehe ya kituo, mbele ya mgeni rasmi, na kundi litakaloshinda libaki na banda. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Hakujua amewakaribisha watu gani kwenye mashindano. Usukumani ngoma hazishindani kwa zamu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, hili huku, hili kule, na watu wanakwenda kunakonoga. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna jaji, miguu ndiyo inapiga kura.

Yeye aliweka majaji, na meza yenye kitambaa. Akapanga viti vya plastiki vyote mbele ya maspika ya yule kijana. Sisi akatupeleka mwisho wa uwanja, karibu na vyoo. Makundi yalipangiwa kucheza moja baada ya jingine, lakini mgeni rasmi alichelewa mno, jua likawa kali, mkurugenzi akashika kipaza sauti akatangaza makundi yote yacheze kwa pamoja ili kuokoa muda. Nilimtazama nisiamini. Hata mimi nisingethubutu kumwomba vile.

Maspika yakaanza kunguruma. Nasi tukapiga ngoma, majembe yakapanda juu yakameta. Mama mmoja muuza dagaa alisimama, akageuka, akabeba kiti chake kichwani, akaja. Nyuma yake wakaja wengine, kila mtu na kiti chake. Mkurugenzi alipaza sauti, "Kila mtu akae alipo, tafadhali," na viti viliendelea kutembea. Hata mgeni rasmi, Msukuma mwenzetu ndani ya suti, aligeuza kiti chake akatutazama sisi. Mbele ya maspika walibaki majaji.

Majaji wakampa ushindi kijana wa Mwanza. Wakasema ni vigezo, usafi wa mavazi umo.

Kesho yake mkurugenzi aliniita ofisini.

"Umeniaibisha mbele ya wageni."

"Sikumbeba mtu. Walikuja kwa miguu yao."

"Kundi lako limeshindwa, liondoke bandani. Na wewe, dada, elewa kitu kimoja. Aliyejitolea anaweza kujitoa."

Kujitolea, kujitoa. Nimekata nguo maisha yangu yote, najua ukipunguza kidogo tu pindoni nguo inakuwa ya mtu mwingine. Nilivua kitambulisho nikakiweka mezani kwake, nikaenda kuwaambia watoto wachukue vyao.

Alitufuata na mlinzi, akasimama mlangoni. "Hakuna kutoa kitu. Kila kilichomo humu ni mali ya taasisi."

Ngoma tuliziacha, zilikuwa za kituo kweli. Lakini binti mmoja mwembamba, mwepesi kuliko wote kudaka jembe, alishika mpini akasema, "Hili la mama. Kesho analima." Mlinzi akasogea pembeni. Wakapita na majembe mabegani. Wengine walibaki, kule kulikuwa na fulana mpya na uji. Siwalaumu watoto, namlaumu yeye.

Sasa tunacheza kwenye kiwanja nyuma ya kibanda changu cha kushonea, tunapiga madebe. Mvua ikinyesha wanatawanyika, na masika ni marefu. Yule binti aliyedaka jembe vizuri kuliko wote haji tena. Nilimwona wiki iliyopita anatoka mashimoni, vumbi mpaka kwenye kope. Alinisalimia shikamoo kwa sauti ndogo akapita. Kwa ajili ya huyo simsamehe mtu.

Juzi mlinzi wa kituo alikuja kibandani kwangu, kofia mkononi. Akasema wanatarajia wageni, na wageni wameomba bugobogobo.

"Mayu, nimetumwa. Anaomba mumwazime majembe. Nawe ukipenda, uje ujitolee."

Nilimaliza mshono niliokuwa nao, nikakata uzi.

"Mwambie majembe yapo shambani, wenyewe wanalimia. Akiyataka, aje alime."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na yule aliyekuwa akiyadaka vizuri, mwambie akamtafute mashimoni."