Niliona raba imetoka, nikamwambia akaze

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu, nilimwangamiza rafiki yangu kwa neno moja. Sina wa kumsingizia. Ni mimi.

Nitamwita Paluku, si jina lake. Sisi ni mafundi wa injini hapa Butembo. Injini za rotor, zile zisizo na pistoni, ambamo chuma cha pembe tatu huzunguka ndani ya chumba, ni mimi niliyemfundisha. Nilijifunza peke yangu kwenye simu, kwa miaka, nikitafsiri neno kwa neno. Yeye nilimpa yote kwa jioni chache, tukila muhogo wa kuchoma.

Basi mpasua mbao mmoja wa Beni, mtu wa commune ya Ruwenzori, akataka injini ya msumeno, nyepesi na yenye nguvu, ambayo vijana wanaweza kuibeba. Hakuniita mimi. Alimwita Paluku! Na Paluku akachukua injini mbili ndogo za magari mabovu, zenye rotor mbili mbili, akaziunganisha kwenye chuma kimoja kirefu, ikawa injini moja ya rotor nne. Kitu nilichokuwa nikikichora bila kuthubutu, yeye alikimaliza.

Watu walikuja garajini kutazama. "Ule ni professeur, bwana!" Nilicheka nao. Nyumbani mke wangu aliniuliza, "Papa, juu ya nini hauko nakula?" Nikasema ni meno. Meno gani!

Kwetu mafundi kuna desturi: aliyejenga injini hakazi buloni, yaani bolti, za mwisho kwa neno lake mwenyewe. Anaita jicho la mwenzake. Mwenzake akisema "Kaza," ndipo anakaza. Na injini ikifa, aibu ni ya wote wawili.

Paluku aliniita mimi.

"Mukubwa, angalia muzuri, macho yangu imechoka. Ukiona fasi mubaya, uniambie, tutafungula tena."

Injini hii hupangwa vipande vipande kama sahani, na kati yake kuna raba nyembamba inayozuia maji ya kupoza injini yasiingie kwenye chumba cha moto. Niliinama na tochi. Kwenye kipande cha tatu raba ilikuwa imetoka katika mfereji wake, upana wa kucha. Niliiona! Ilihitaji kidole na vaselini kidogo tu.

"Donc, nikaze?" akauliza.

"Kaza."

"Kweli? Hapana kunihurumia."

"Nimesema kaza, ndugu yangu. Iko muzuri kabisa."

Nilitaka nini? Nilitaka iteme moshi mweupe palepale, mbele ya watu, anikimbilie, niwe mwalimu tena. Lakini ilinguruma vizuri, watu wakapiga makofi, ikapakiwa kwenda Beni. Huko ikapewa gogo la kweli. Maji yakapenya kidogo kidogo, yakaisha, injini ikachemka, ikatema moshi, ikakwama.

Tulikwenda pamoja kuifungua. Sahani zilikuwa zimepinda, raba imeungua. Mwenye mbao akauliza, "Nani aliangalia hii kitu?"

Desturi naijua. Nilifungua kinywa. Paluku akanitangulia:

"Patron, mukubwa yangu aliangalia muzuri. Ni mimi nilisukuma raba wakati nilikuwa nakaza. Hapana kumulaumu."

Nikakifunga kinywa. Nikamsaliti mara ya pili! Ya kwanza ilikuwa wivu. Hii ilikuwa woga, na sijui ipi ni mbaya zaidi.

Njiani kurudi Butembo, ni yeye aliyenituliza mimi. "Hapana kuhuzunika, mukubwa. Utanifundisha tena."

Leo hakuna anayempa Paluku injini. Anaziba tairi za pikipiki, na wale waliomwita professeur wanamwita Moshi. Akicheka nao, mimi natazama chini.

Jina langu nimelificha, lakini injini ya rotor nne hapa kwetu ilikuwa moja tu. Akisoma hapa atanijua. Anijue! Kinywa changu kimeshindwa kumwambia.

Wewe unayefundisha wengine kazi, siku mwanafunzi wako atakapokupita, wivu utakuja bila kubisha hodi. Uache ukuume. Lia, kataa kula, nenda shambani ukalime mpaka uchoke. Lakini akikuomba macho yako, mpe macho yako! Ili amrudishie mwenye mbao pesa zake, Paluku aliuza kiwanja cha nyumba huko Mavivi alichowanunulia watoto wake: dola elfu mbili na mia nne.